Fomu ya Tishu

Benchi letu liko mbele ya karakana yangu ya useremala, chini ya bati linalotokeza nje hatua mbili. Nililiunga mwenyewe kwa mabaki ya mbao za milango, na mguu wake mmoja ni mfupi kidogo, kwa hiyo mwenzako akiinuka ghafla nawe unainama bila kupenda. Watu ni wale wale kila asubuhi. Yupo Fyuzi, fundi umeme, ambaye kila jambo duniani kwake lina waya mbili. Yupo Kamusi, aliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini, akastaafu akiamini hakuna neno asilolijua. Na yupo Mama Birika, anayetumiminia kahawa, ambaye alikuwa rafiki wa mke wangu tangu wote wawili hawajaolewa. Mimi wananiita Taratibu, kwa sababu nasema polepole. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa kusahau, na kwa hilo nilishamshukuru Mungu, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Asubuhi ninayoisimulia nilifika na barua mfukoni. Ufunguo ulikataa kuingia kwenye kufuli.

— Wewe Taratibu, kufuli unalipapasa kama unalibembeleza lilale, alisema Fyuzi. Kulikoni?

— Kamusi, nisomee hii. Nimeisoma mara tatu. Nataka niisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kamusi alivaa miwani, akakohoa kama mtangazaji wa taarifa ya habari, akaanza.

— "Ndugu. Kitengo cha utafiti wa magonjwa ya ubongo kinakushukuru tena kwa ridhaa yako. Tishu za ubongo wa marehemu mke wako bado zimehifadhiwa kwenye friji letu, nyuzi themanini chini ya sifuri. Muda wa kuzihifadhi unaisha tarehe kumi na nne. Tafadhali chagua: ziendelee kutumika katika utafiti wetu wa protini na kemikali za ubongo, au zirudishwe kwa familia. Mtumishi wetu atafika kwako siku hiyo saa nne asubuhi kuchukua jibu."

— Tarehe kumi na nne ndiyo leo, alisema Mama Birika.

Aliendelea kumimina huku akiniangalia mimi. Kahawa ikajaa, ikamwagika mezani, ikaanza kudondoka kwenye kiatu cha Fyuzi, na Fyuzi hakuutoa mguu.

— Hebu rudia pale kwenye ubongo, alisema Fyuzi.

— "Tishu za ubongo wa marehemu mke wako."

— Taratibu, kaka yangu. Ulitoa ubongo wa shemeji?

— Sikutoa.

— Mbona wanakushukuru? Tena wanasema "tena".

— Nilitoa tishu.

Wakanitazama. Ikabidi nieleze, na mimi kueleza kwangu huchukua muda.

Mke wangu mwaka wake wa mwisho hakuachana na tishu. Zile karatasi laini za kufutia. Mdomo wake ulikuwa unatoka mate bila yeye kujua, na mikono ilitaka kitu cha kushika, basi akawa anazikunjakunja, anazichana, anazitia mifukoni, chini ya mto, ndani ya soksi. Siku aliyofariki, nimesimama kwenye ujia wa hospitali, alinijia bwana mmoja wa koti jeupe, mtu wa heshima sana, na karatasi juu ya ubao. Akaniambia, pole mzee, tunaomba ruhusa yako tubaki na tishu za marehemu, zitatusaidia kuujua ugonjwa huu. Mimi nikawaza: wanataka kuyapima yale mate. Nikamwambia chukueni zote. Hata zile za mfukoni mwa gauni chukueni. Nikamkusanyia mfuko mzima, nikampa mkononi.

— Ukampa mfuko? alisema Kamusi.

— Nilimpa. Akaupokea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema familia kama zenu ni chache. Nikawa najiuliza, huyu mtu anashukuru takataka kiasi hiki, hospitali hii ina uhaba gani? Nikatia sahihi.

Fyuzi alitaka kucheka. Nilimwona. Kicheko kilipanda mpaka mashavuni kikafia hapo hapo.

— Sanduku la maziko nililitengeneza mimi, nikaendelea. Nilimpima mwenyewe kwa futi yangu, nikaacha nafasi ya nusu kidole kila upande. Watu walisema halijapata kuonekana sanduku lililomkaa mtu vile. Kumbe nilikuwa namzika nusu nusu.

— Usiseme hivyo, shemeji, alisema Mama Birika.

— Niseme vipi?

Kamusi akaona zamu yake imefika. Akaikunja barua, akainyoosha tena.

— Tusikimbilie huko. Neno lenyewe tulichambue kwanza. Tishu ni karatasi laini ya kufutia. Hilo halina ubishi, nimelipanga kwa herufi za risasi mara elfu kwenye maboksi. Sasa wao wanasema tishu za ubongo. Maana yake ni tishu zilizotumika kuufuta ubongo. Ubongo ukiwaza sana unatoka jasho. Wameupangusa, karatasi wakaziweka kwenye friji. Ubongo wenyewe upo pale pale ulipolazwa.

— Jasho liwekwe nyuzi themanini chini ya sifuri? alisema Fyuzi. Acha hizo, Kamusi. Mimi mafriji nayajua. Friji la nyumbani haligusi hata nyuzi thelathini chini. Ukiona kitu kinapozwa namna hiyo, jua chenyewe kina moto. Na kina moto kwa nini? Kwa sababu bado kinafanya kazi. Ubongo ni umeme mtupu. Ukikata mkondo mwilini haina maana chaji imeisha.

— Unataka kusema nini? nilimuuliza.

— Sisemi. Lakini betri ukiitoa kwenye redio, betri haijafa.

— Fyuzi. Unataka kusema mke wangu bado anawaza, humo kwenye friji?

Mama Birika alichukua kitambaa cha kufutia vikombe, kimelowa, akamchapa nacho begani.

— Mtu ana msiba, wewe unamletea betri!

— Msiba wa miaka minne, mama.

— Huu ni wa asubuhi hii! Huoni uso wake?

Lakini Kamusi naye alikuwa ameshapata upepo. Alikuwa na kidole juu ya mstari wa barua.

— Basi tazameni hapa. Protini. Protini ni mayai, maharage, samaki, kitabu chochote cha shule kinasema. Wanatafuta protini kwenye ubongo. Kwa nini? Kwa sababu kila tunachokula kinapanda kichwani. Mtu akila anakumbuka, asipokula anasahau. Sasa hizi kumbukumbu zikishaganda kama yai, zinaweza kukatwa, zikabandikwa kwa mtu mwingine.

— Zibandikwe! Fyuzi alidakia, amemsahau Mama Birika na kitambaa chake. Ndiyo maana wameandika "ziendelee kutumika". Hujasikia neno kutumika? Yuko mtu mahali fulani, mama wa watu hata hakujui, anaamka asubuhi anajua jinsi unavyokoroma. Anajua ulipoficha msumeno wako mzuri. Ukipita njiani atakuita jina lako la nyumbani!

Nakiri mbele ya Mungu kwamba maneno hayo hayakunikasirisha kama yalivyostahili. Miaka miwili ya mwisho mke wangu aliniita fundi. Nikimletea uji ananiambia, fundi, asante, mume wangu akirudi atakushukuru, kwa sasa hayupo. Na kila jioni aliniuliza, fundi, hujamwona huko njiani? Nilikuwa namwambia yuko karibu kufika. Sasa mtu ananiambia kwamba huenda jina langu liko salama mahali, limeganda, linasubiri. Ni upuuzi, nilijua ni upuuzi. Lakini moyo ulinidunda.

Nikawaza tena siku ya kufufuliwa. Nikaona watu wote wanainuka, na mke wangu anainuka, anatazama huku na huku, hajui aende wapi, kwa sababu kile cha kumwongoza kiko kwenye friji la watu.

— Atainukaje? nilisema kwa sauti. Mniambie. Siku ile atainukaje?

— Mungu aliyemuumba kwa udongo, alisema Mama Birika, ndiye atashindwa na friji?

Alisema vizuri. Lakini alisema akiwa ameinamia vikombe, na nimemfahamu miaka mingi. Mama Birika akisema neno la Mungu humkazia mtu macho.

— Mama Birika. Wewe na dada yake ndio mliomwosha.

— Ndiyo, shemeji.

— Hamkuona kitu?

Alifuta kikombe kilichokwisha kukauka.

— Tuliona uzi.

— Uzi gani?

— Nyuma ya kichwa. Toka sikio hili mpaka hili, chini ya nywele. Umeshonwa vizuri, sindano ndogo ndogo. Dada yake akasema ni ile siku aliyoanguka bafuni. Mimi nikajua si ya bafuni, kwa sababu siku ya bafuni nilikuwepo, na alipasuka juu ya jicho. Tukamfunga kitambaa. Tukakubaliana usiambiwe.

Fyuzi aliinuka kwa mshituko, benchi likainama, na mimi nikainama nalo. Nilibaki hivyo hivyo nimelalia upande.

— Miaka minne, nilisema. Unanimiminia kahawa kila siku.

— Ulikuwa umelishikilia lile sanduku, shemeji. Ulikuwa unalipapasa unasema limemkaa. Ningekuambia nini?

Hapo hapo ndipo alipofika. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea vimejaa vumbi, bahasha chini ya kwapa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikuwa anasoma vibao vya milango.

— Hamjambo. Shikamoo mzee. Natafuta karakana ya seremala.

— Marahaba. Umefika.

— Mimi natoka kitengo cha ubongo, maabara. Nimekuja kwa ile barua.

Kamusi na Fyuzi walisogea wakampisha, wamekuwa wapole kama wanafunzi waliofumaniwa. Mama Birika akampa kahawa bila kumuuliza. Nami nikamweleza yote, polepole, tangu tishu za mfukoni mpaka mfuko na ile sahihi. Sikumgombeza. Yeye alianza kunisikiliza akiwa ametabasamu kwa adabu, kisha tabasamu likaisha. Nilipofika kwenye mfuko aliweka kikombe chini, na nikasikia kinavyogongana na kisahani.

— Mzee, unasema ulidhani ni karatasi?

— Karatasi za kufutia. Neno lingine la tishu mimi silijui.

— Yule aliyekuja na fomu hakukwambia ubongo?

— Alisema tishu za marehemu. Fomu nayo imesema tishu. Ninayo ndani, nakala yake. Hakuna ubongo humo.

Alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza peke yake:

— Ile fomu ndiyo tuliyowapa wote.

— Wote wangapi? aliuliza Fyuzi.

— Familia sitini na moja.

Nilimwona yule mama anahesabu milango ya watu kichwani, milango sitini ambayo atalazimika kuigonga.

— Sisi huko ndani tunaita tishu, alisema. Nyama ya mwili, ya ubongo, ya ini, zote tishu. Tumelizoea neno mpaka hatulisikii. Mzee, mimi nakuomba radhi. Hukuridhia. Kwa haki ya Mungu, hukuridhia chochote.

— Sasa itakuwaje?

Aliitoa fomu kwenye bahasha, akaigeuza upande mtupu. Akaandika kwa mkono, herufi kubwa: UBONGO WA MKE WANGU. Chini yake akaandika maneno mawili, kila moja na kisanduku chake. UBAKI. URUDI. Akanipa kalamu.

— Ukisema urudi, nitauleta mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Kwa heshima, siku utakayotaka. Utauzika naye. Na majibu yote yaliyotokana naye nitayafuta.

— Unaweza kufuta?

— Kazi yangu ya miaka minne imo humo. Lakini nitafuta.

Kalamu niliiweka karibu na URUDI. Sikuwa na shaka. Mtu huzikwa mzima, ndivyo ninavyoamini.

— Kwanza niambie, nilisema. Mmeona nini ndani yake?

Alinitazama kama anapima kama nitayaweza. Kisha akaeleza kwa maneno ya kawaida. Alisema kwenye ubongo kuna protini ambazo kwa mtu mwenye afya huzolewa zikatupwa, na kwa mke wangu hazikuzolewa, zikaganda kati ya seli na seli kama uchafu kwenye mfereji. Alisema ile kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine ilikuwa imepungua mno, sehemu nyingine haipo kabisa.

— Waya zimekatika, alisema Fyuzi kwa sauti ya chini.

— Waya zipo, baba. Wa kupeleka habari ndio hawapo.

— Na jina langu? niliuliza. Humo ndani, jina langu lipo?

Kamusi aliitazama ardhi. Yule mama hakucheka.

— Sijui, mzee. Hakuna mashine ya kuliona. Ningekuwa nalo ningekuletea.

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Nikaishika kalamu vizuri. Ndipo aliposema:

— Kabla hujaweka alama naomba nikuulize kitu kimoja. Faili lake la kliniki nimelisoma mpaka nimelikariri. Limeandikwa dawa, limeandikwa vipimo, limeandikwa siku aliyopotea njia. Ila kuna mstari mmoja kila daktari ameuruka. Mimi naweza kuona uchafu ulivyofika, siwezi kuona ulianza lini, na nikikosa hilo sijui nianze kutafuta wapi. Ninyi mliishi naye. Kitu cha kwanza kabisa alichosahau kilikuwa nini?

— Hilo rahisi, alisema Fyuzi. Pasi. Alileta pasi kwangu nitengeneze, nikatengeneza, kesho yake akaileta tena, nzima. Tulicheka sana siku ile.

— Kabla ya pasi alikuwa ameshaacha kusoma, alisema Kamusi. Alikuwa anaazima gazeti kwangu kila Jumapili. Akaacha. Nilidhani amenichoka.

— Alikuwa amelisahau gazeti, au alikuwa amesahau kusoma? aliuliza yule mama.

— Sikumuuliza.

— Kabla ya gazeti ni nywele, alisema Mama Birika. Alikuja kunisuka, akasuka upande mmoja akasema tumemaliza. Nikajiona kwenye kioo, nikamtania mwezi mzima. Ngoja. Hapana. Siku ile alikuwa ameshaanza. Kuna siku aliniuliza mama yangu hajambo, na mama yangu tulikuwa tumemzika pamoja, yeye na mimi.

— Hiyo ni lini?

— Sijui. Nilidhani ni ulimi umeteleza.

Wote wakageuka kwangu. Mimi ndiye niliyelala naye nyumba moja miaka thelathini na nane. Nikarudi nyuma. Kuna mwaka aliacha kuimba akifagia, na mimi nikafurahi nyumba imetulia. Kabla ya hapo kuna wakati alianza kunipa chakula kilekile siku nne mfululizo, nikala, sikusema, nikajiona mume mwema. Kabla ya hapo kuna asubuhi alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo, hatoki wala harudi. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia, mama, nipishe, nikapita.

Sikujua kama ni hiyo. Nyuma ya hiyo huenda ilikuwepo nyingine.

Yule mama alikuwa anasubiri, bahasha magotini. Sisi wote tulimtazama kila siku tusione; huyu peke yake ndiye bado anatafuta.

Nikaweka alama kwenye UBAKI, kwa nguvu, karatasi ikatoboka.

— Na ule mstari? aliuliza. Niuache wazi?

— Usiuache wazi. Andika kwamba mume wake aliulizwa, na hajui.